Taya la Mussa, Taya Langu

Jumatatu, Juni 2008. Chikongola, Mtwara.

Kusi linapiga toka alfajiri, vumbi mpaka kwenye vibonye vya kompyuta. Baridi ya Juni wazee wenzangu wanaisikia magotini. Mie naisikia kwenye taya.

Naandika kwa kidole kimoja, kama kawaida, ila leo shingo nimeizungushia kanga ya mke wangu. Mwanahawa, binti wa dada yangu, mwenye hiki chumba cha kompyuta, kaniona mlangoni tu kacheka. "Mjomba! Leo umekuja umefungwa kama mwali!" Jibu nilikuwa nalo, tena kali, lingemfanya afunge duka. Nikafungua mdomo. Ukafika nusu ukakwama, na ndani ya sikio kikalia kitu, ta!, kama korosho inapasuka motoni.

Nikafunga mdomo taratibu nikaenda kukaa.

Mwanahawa akaacha kucheka. Toka azaliwe hajawahi kuniona nikikosa jibu.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnanijua. Kinanda ndio mie. Jina nilipewa bandarini enzi za ukuli, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa unapiga kutwa bila kuchoka. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa kisomo cha watu wazima nikiwa na ndevu, na mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko suruali yangu. Humu nimewapa habari ya kiboko wa Ruvuma niliyemtukana mpaka akarudi majini kwa aibu. Nimewapa ya yale magunia mawili ya korosho niliyobeba kwa mpigo mmoja, shingo hii hii, toka ghalani mpaka melini, mabaharia wakapiga makofi. Gunia la kwanza ni kweli. La pili nililiongeza hapa hapa, kwenye kiti hiki.

Leo siongezi gunia.

Yule wa Dar anayeniandikia kila wiki "mzee tuchekeshe", leo apite tu. Anisamehe.

Nianze na maumivu, maana ndio yaliyonileta. Yanaanzia mbele ya sikio, pale taya linapobebana na kichwa. Yanapanda kwenye panja, yanazunguka kisogoni, yanashuka shingoni mpaka begani, pale pale gunia lilipokuwa linakaa. Kichwa kizima kama kimefungwa mkanda, na kuna mtu nyuma anavuta tundu moja moja. Asubuhi ndio mbaya. Naamka mataya yamechoka kama yamelima. Mke wangu, Bi Hadija, anasema nikilala nasaga meno. "Unasaga kama jiwe la bibi yangu," anasema, "tofauti yako, unga sioni." Siku hizi hanitanii tena hilo. Amehamishia mto wake upande wa ukuta.

Korosho nimeacha. Mmakonde wa Mtwara, kuli wa korosho miaka ishirini, korosho imenishinda. Nakula ugali wa muhogo laini na mchuzi, nabugia kama mtoto. Nimechuliwa mafuta ya nyonyo. Nimefungwa majani ya moto. Jirani mmoja kaniambia ni lile gunia la pili linadai haki yake. Nikamwambia gunia la pili halikuwepo. Akacheka akasema, "Kinanda bwana!"

Unaona? Hata nikisema kweli.

Sasa Mussa.

Mussa ni mtoto wa mjomba wangu, na mie mtoto wa shangazi yake. Bibi yetu alivuka mto toka Msumbiji na watoto wawili mgongoni na begani, mmoja akazaa Mussa, mmoja akanizaa mie. Kwetu watoto wa namna hiyo ni watani toka tumboni. Mtani akikwambia kumekucha, unachungulia dirishani kwanza. Mtani anakuvua kofia mbele za wakwe. Ukifiwa, yeye ndiye anaruka kaburini kuzuia maziko mpaka watu wacheke. Mussa alibaki Mahurunga kulima mpunga bondeni, mie nikaja mjini kubeba magunia, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuambiana neno moja la maana. Tulipendana hivyo.

Mwaka tisini na sita alinimaliza. Dereva wa lori alinifuata bandarini na ujumbe: "Mussa wa Mahurunga hatunaye." Nililia mbele ya makuli wote, mie Kinanda. Nikanunua sanda, nikaenda nimeikumbatia kifuani kama mtoto. Kufika, namkuta marehemu kakaa mkekani anakula paja la kuku. Kaitazama sanda, kanitazama mie, kasema, "Mtani, umeleta mita ngapi? Mie mrefu."

Kijiji kizima kilianguka. Walikuwa wamejificha nyuma ya nyumba kuniangalia.

Wazee walichukia sana, wakamkalisha chini. Hilo la wazee nitalirudia mwishoni, nikipata nguvu. Kwanza niseme nililoapa mie moyoni siku ile: huyu hanipati tena. Hata afe kweli, hanipati.

Niliyasema kama utani.

Mwezi uliopita, mwanzoni, nilikwenda Mahurunga. Mpunga ulikuwa unavunwa, na mie kila mwaka naenda kusaidia kwa mdomo. Nikamkuta Mussa mchana kakaa, kaegemea ukuta wa nyumba yake, wenzake wote wako bondeni. Nikaanza kwa mbali, kama desturi: "Aah! Mpunga umeiva na mwenyewe ameiva! Nani atamvuna mwenziwe?"

Hakunijibu. Akanitazama tu, na uso wake ulikuwa unacheka.

Hapa nisikilizeni. Uso ulikuwa unacheka. Midomo imevutwa pembeni, meno nje, nyusi juu. Mtu yeyote angesema huyu kashikwa na kicheko anakizuia. Nikacheka na mie. Nikakaa karibu yake. Akasema, kwa meno yaliyobana, maneno yanatoka kama maji kwenye mtungi wenye ufa: "Mtani. Taya limekaza. Shingo nayo."

Nikamwambia, "Ugali wa Somoe huo. Nilikukataza toka unaoa."

"Sicheki," akasema.

Na uso unacheka.

Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Majirani wawili watatu wakasogea, maana Kinanda na Mussa wakikutana ni ngoma bila kiingilio. Nikakaza meno nikamuigiza: "Chaya limekacha, mchani!" Wakaanguka. Nikaona anashtuka kidogo kwa kelele. Nikapiga kofi moja karibu na sikio lake. Mwili mzima ukaruka, mgongo ukapinda kama samaki aliyetupwa mchangani, kisha ukarudi. Nikasema, "Lo! Safari hii umefanya mazoezi!"

Nikapiga tena.

Sijawahi kumwambia mtu hilo kofi la pili. Bi Hadija hajui. Sasa mnalijua ninyi, watu nisiowajua.

Somoe, mkewe, alitoka jikoni na bakuli la uji. Somoe si mtu wa maneno. Akasema, "Shemeji, mwangalie mwenzio. Toka jana uji hauingii, unamtoka pembeni. Alikanyaga msumari kule dunguni, akirekebisha ubao." Dungu ni kile kichanja cha kulindia mpunga, viboko na nguruwe wasiingie. Akanionyesha mguu umefungwa kitambaa, ndani wamepaka majivu na tumbaku. Kidonda chenyewe kidogo, kinaelekea kupona. "Nataka nimpeleke hospitali mjini. Pikapu inapita saa tisa, nimeshaongea na dereva."

Na mie nikasema. Nayaandika kama nilivyoyasema, siongezi, sipunguzi:

"Shemeji, humjui huyu? Miaka yote unalala naye humjui? Msumari unaingia mguuni, ugonjwa unatokea mdomoni? Huyu anakimbia kuvuna. Mpe siku mbili, mpunga ukiisha utamwona anaimba."

Watu wakacheka. Somoe akatuangalia, mie na mumewe, na sote wawili nyuso zetu zilikuwa zinacheka. Akatabasamu kidogo. Akachoka, akaona aibu, sijui. Akasema, "Basi labda tungoje kesho."

Saa tisa pikapu ikaja. Nikapanda mie. Nyuma tulikuwa watu watatu na mbuzi.

Nafasi ilikuwepo.

Siku ya tatu yake asubuhi mdogo wake Somoe akanipigia simu. Alikwea mpaka kwenye kichuguu, ndiko simu inakoshika. "Shemeji Kinanda, Mussa amefariki. Tumemtoa jana jioni kwa baiskeli, hakufika barabarani."

Nikamjibu nini? Mnanijua. Nikamjibu, "Mwambie safari hii sanda anunue mwenyewe." Nikakata. Nikamsimulia Bi Hadija tukacheka wote, mie nikaenda kunywa kahawa barazani, nikawasimulia na wa barazani. Saa nzima Mussa amelala maiti na mie nachekesha watu kwa kifo chake. Simu ya pili alipiga imamu wa kule. Imamu hatanii.

Nilifika wameshamwosha. Nilimkuta kaburini. Watu wakanipisha, maana kazi ya mtani inajulikana, na wengine walishaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikaruka ndani ya kaburi kama inavyotakiwa. Nikapiga kelele, "Hazikwi mtu hapa! Huyu mwongo! Mwaka tisini na sita alikufa hivi hivi akala kuku wangu! Mfunueni tumtekenye!"

Walicheka, wale waliokuwa wanalia. Walisema baadaye hawajawahi kuona mtani kama mie. Sifa zilifika mpaka Mtwara mjini kabla yangu.

Hawakujua kuwa sikuwa natania. Nilikuwa nataka wamfunue. Nilikuwa nataka aniulize tena nimeleta mita ngapi, aseme mie mrefu.

Nilipotoka kaburini nilikuwa nimeuma meno ili nisilie, maana mtani halii. Nadhani sijayaachia toka siku ile.

Wiki ya pili yake taya likaanza. Kwanza panja, kisha sikio, kisha shingo. Siku niliyopiga miayo mdomo ukagoma kufunguka, nikakaa chini. Nikajua Mussa kaniita. Watu wa baraza wakasema, "Mtani wako huyo anakurudishia," na wakacheka, na safari hii mie ndiye niliyekuwa nasema sicheki.

Bi Hadija akanishika mkono kanipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa mama mmoja wa kutoka bara, mpole, amevaa msalaba mdogo shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nipime, lakini ujue hii shingo ilibeba magunia mawili." Hakucheka. Akaniambia nivue viatu.

Viatu! Taya linauma, anataka viatu. Akaangalia nyayo zote mbili, katikati ya vidole, mikono, mpaka chini ya kucha. Akauliza kama kuna mahali nimechomwa, nimekatwa, msumari, mwiba. Akanitia kijiti kooni nikakohoa. Ndipo akavuta kiti.

"Nilitaka kwanza nihakikishe si pepopunda, baba," akasema.

Nikamwambia pepopunda si ugonjwa wa vichanga, wa kitovu?

"Hata wakubwa," akasema. "Unaingilia kwenye kidonda, hata kidogo, hata kimeshapona. Unaanzia hapa kwenye taya. Mtu hawezi kufungua mdomo. Shingo inakaza, kumeza kunashinda. Uso unavutika, utafikiri anacheka. Ukipiga kelele au ukimgusa ghafla mwili unajikunja wote."

Alikuwa anaeleza tu, kama wanavyoeleza. Hakujua alichokuwa ananisomea. Alikuwa ananisomea Mussa, mstari kwa mstari. Hakusahau hata kofi.

Nikamwuliza, "Mtu wa namna hiyo akiletwa mapema?"

Akasema, "Wengine wanapona, baba, wengine hawaponi. Sikudanganyi. Ila mapema ni mapema. Siku moja ni kitu."

Siku mbili, nilimwambia Somoe. Mpe siku mbili.

Mie mwenyewe, akasema, ni misuli tu. Akanibonyeza mbele ya sikio, nikaruka. Akanibonyeza panjani, kisogoni, begani, kila mahali kuna fundo. Akasema nakaza mataya mchana bila kujijua na usiku ndio nasaga, na misuli ya taya na ya shingo ni ndugu, mmoja akivutwa wote wanavutika, ndio kichwa kinauma. Akaniambia meno ya juu na ya chini yasikutane mpaka wakati wa kula. Nikande kwa kitambaa cha maji moto. Nile laini. Ulimi niuweke juu kaakaani nifungue mdomo polepole, mara kadhaa asubuhi na jioni. Akanipa vidonge vya maumivu. Halafu akauliza, "Baba, una mawazo?"

Mie nikasema, "Mawazo ninayo, ila yameolewa yote." Yeye akacheka, sasa. Bi Hadija naye akacheka.

Mlango ulifunguliwa, mie mwenyewe nikaufunga kwa utani.

Basi jana ilikuwa arobaini ya Mussa. Nilikwenda nimekata shauri. Nilisema nitasimama mbele ya ukoo nitasema, wanipige, wanifukuze, lolote. Khitma ikasomwa, ubwabwa ukaliwa chini ya turubai, mie nikala vijiko viwili. Wajukuu wa Mussa wakaanza, "Babu Kinanda! Babu Kinanda!" Nikasimama.

Nikasema, "Ndugu zangu, leo sina utani."

Wakacheka. Hapo hapo. Sijamaliza hata sentensi.

Nikasema, "Mussa nimemuua mie."

Kicheko. Mzee mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Kwa ugali gani?" Kicheko zaidi.

Nikasema, "Aliniambia taya limekaza, nikamcheka. Somoe alitaka kumpeleka hospitali, nikamzuia. Pikapu ikaja, nikapanda mie na mbuzi."

Nilipofika kwenye mbuzi walikuwa wamelala chini. Kweli, kuna watu walilala chini. Na hapo ndipo taya likakaza. Nilikuwa nataka kusema "pepopunda" na mdomo ukagoma nusu, ikatoka sauti, na mkono ukaenda wenyewe kwenye shavu. Basi! Yule mzee akasimama kabisa, anafuta machozi kwa kanzu: "Tazameni! Tazameni anavyomuiga! Mussa mtupu! Kinanda, Mungu atakuchapa!" Watoto wakaanza nao kushika mashavu, "chaya limekacha, chaya limekacha." Maneno yangu mwenyewe. Walikuwepo siku ile, walikariri.

Nikamtafuta Somoe kwa macho. Alikuwa kakaa kwenye mkeka wa wanawake. Alikuwa kajifunika kanga uso mzima, na mabega yanatikisika.

Mara ya pili mwaka huu namtazama mtu nashindwa kujua anacheka au hacheki.

Wakati naondoka aliniletea ubwabwa umefungwa kwenye jani la mgomba. Macho mekundu. Hilo nalo halisemi kitu, jikoni kulikuwa na moshi. Akasema, "Chukua, shemeji. Umelainishwa, utauweza." Alijuaje kama taya linaniuma kweli? Au naye alikuwa anatania? Nimerudi mjini na ubwabwa huo mzima mzima, bila kuufungua.

Sasa lile la wazee. Nilisema nitalirudia.

Mwaka tisini na sita, baada ya ile sanda, mjomba mkubwa alituita wote wawili. Akamimina unga wa mtama chini, kizingitini, fungu dogo kama mkono wa mtoto. Kwetu unga ukishawekwa chini hakuna mtani. Hata kama ni wa toka tumboni, unaitana kwa jina, na neno lililosemwa juu ya unga linasikiwa na waliolala makaburini. Masheikh hawapendi, lakini hata wao hawaukanyagi. Mjomba akasema, "Mussa, shika." Mussa akachota kwa vidole vitatu. Akasema, "Ugonjwa na kifo sitavitania tena mpaka naingia ardhini." Akasugua vidole, unga ukaanguka. Mjomba akanigeukia mie: "Na wewe ni shahidi. Siku akikwambia naumwa, ujue anaumwa."

Mie nikachota, nikasugua.

Na toka siku ile Mussa alinitania kila kitu duniani, mke wangu, kabila langu, pua yangu, ila hakuwahi hata mara moja kusema kichwa kinauma kwa utani. Miaka kumi na miwili.

Siku ile ukutani, baada ya kofi la pili, wakati nimeshamwambia Somoe angoje, Mussa alininyooshea mkono. Kusema alikuwa hawezi tena. Akaelekeza chini, kizingitini. Akakutanisha vidole vitatu, akasugua.

Jana sikulisema hilo. Yote niliyoyasema niliyasema kwa sababu yana udhuru: sikujua, mie si daktari, alishanidanganya zamani. Vidole havina udhuru. Niliviona. Nilijua vinasema nini. Nilijua upesi kuliko ninavyojua jina langu. Lakini majirani walikuwa wanacheka, na mwaka tisini na sita ulikuwa bado unanichoma, na kwa mara ya kwanza toka sanda ile nilikuwa nashinda. Nikasema, "Huyo anatafuta chumvi." Wakacheka. Akashusha mkono.

Hicho ndicho ninachokiuma usiku. Mama daktari aliuliza, hili ndilo jibu.

Mwanahawa amekuja kusimama nyuma yangu, amesoma. Ameniwekea tu kitambaa cha maji moto shingoni, juu ya kanga. Mwanahawa, kama unasoma na hapa, asante, na duka lisifungwe.

Asubuhi nilipita sokoni. Ninao hapa mapajani, kwenye mfuko wa karatasi, unga wa mtama, kibaba kimoja. Muuzaji kaniuliza, "Kinanda, leo unapika nini?" Nikamlipa nikaja huku. Kesho nitapanda pikapu ya kwanza kwenda Mahurunga. Sitaki turubai, sitaki wajukuu, sitaki wa baraza. Nitakaa kizingitini kwa Mussa, nitaumimina chini, nitamwita Somoe kwa jina lake, Somoe, bila shemeji. Akitaka kunifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mtu aliyeniamini.

Naujaribu ulimi kaakaani, nafungua mdomo polepole, kama nilivyofundishwa. Vinaingia vidole viwili. Jana kilikuwa kimoja na nusu. Pengine kesho mdomo utatosha kupitisha neno lile moja: niliviona.

Usipotosha, nitafanya kama alivyofanya mwenzangu. Nitaelekeza chini, nitakutanisha vidole vitatu, nitasugua.

Mie niliviona vidole vyake nikageuza uso. Somoe akiviona vyangu, atanitazama?